Sina Makosa au Pepea? Ugomvi wa Wanyika kwa Sikio la Tanga

Mpenzi wa zilipendwa mjini Tanga ukimuuliza ni bendi ipi kati ya zile za Wanyika iliyopiga muziki bora, hachelewi kujibu, na jibu lake kwa kawaida huwa jina la mwimbaji. Wa Simba Wanyika atamtaja Wilson Kinyonga au mdogo wake George. Wa Les Wanyika atamtaja Issa Juma au John Ngereza. Ubishi ukikolea, kila upande huleta ushahidi wake: huyu wimbo wa “Sina Makosa” wa mwaka 1979, yule albamu ya “Pepea” iliyotoka Uholanzi mwaka 1992. Kisha watu huimbiana beti, hucheka, na kila mmoja huondoka na imani aliyokuja nayo.

Makala haya yanaichukulia hoja hiyo kwa uzito na yanatoa hukumu. Yanadai kwamba “Sina Makosa” ni rekodi bora kuliko “Pepea”, na kwamba sababu yake haimo katika sauti za waimbaji. Imo nyuma yao, kwenye gitaa la rithimu, besi na ngoma. Yanadai pia kwamba Tanga, kuliko mji mwingine wowote wa pwani hii, ilipaswa kulitambua hilo mapema.

Wako watakaosema kwamba kazi mbili za sanaa hazipimwi kwa mzani mmoja. Ni msimamo wa heshima, lakini hautokani na historia ya pwani. Huku kwetu muziki umekuzwa na ushindani. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameonyesha jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyoenea pwani ya Tanganyika na kwenda bara, vikishindana kwa mavazi, vyeo, gwaride na nyimbo. Lamu walikuwa na mitaa yao miwili inayotambiana. Unguja wana Ikhwani Safaa na Culture. Tanga yenyewe ilikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz katika dansi, Black Star na Lucky Star katika taarabu, na hata leo ina Coastal Union na African Sports katika soka. Kushindanisha ndiko kulikokuwa uhakiki wetu kabla hatujawa na majarida ya uhakiki. Anayekataa kulinganisha anaikataa njia ambayo wasikilizaji wa pwani walijifunzia kusikiliza. Tunachopaswa kukitazama upya ni kigezo.

Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianza kazi Tanga mwaka 1966 walipojiunga na Jamhuri Jazz, bendi iliyokuwa ikiitwa Young Novelty hapo awali. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao mwingine, William. Mwaka uliofuata walivuka mpaka na Simba Wanyika ikazaliwa Kenya. Safari hiyo haikuwa ya ajabu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka kusikika ilikwenda Dar es Salaam kurekodi kwenye studio ya Radio Tanzania, wimbo ukabaki katika kanda, ukapigwa hewani, na mara nyingi hakuna aliyeweza kuununua dukani. Nairobi kulikuwa na studio, kampuni za santuri na wanunuzi. Tanga ilikuwa na bandari, reli na mashamba ya mkonge yaliyowakusanya watu wa makabila mengi, kwa hiyo haikukosa wapigaji wala wachezaji. Ilikosa mashine tu. Na mkonge wenyewe, uliofikia tani zipatazo 230,000 kwa nchi nzima mwaka 1964, ulianza kuporomoka miaka hiyohiyo, na fedha za starehe za mitaa ya Ngamiani mjini Tanga zikapungua pamoja nao.

Novemba 1978 Simba Wanyika ilipasuka. Mpasuko huo ndio kiini cha hoja hii, kwa sababu bendi haikugawanyika ovyo. Ndugu wa Kinyonga walibaki na jina, na mbele ya jukwaa wakabaki na sauti zao na gitaa la solo la Wilson. Walioondoka walikuwa watu wa nyuma: Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, mpiga rithimu; Tom Malanga wa besi; Rashid Juma wa ngoma; na wenzao. Walimchukua John Ngereza, Mtanzania aliyekuwa akipiga Kenya na Bwambe Bwambe, awe mpiga solo na mwimbaji. Issa Juma alikuwa mwimbaji kiongozi wa siku za mwanzo, kabla naye hajaenda kuanzisha Super Wanyika. Walifanya mazoezi kwa takriban miezi sita, wakafungua pazia Garden Square jijini Nairobi. Kabla mwaka wao wa kwanza haujaisha, “Sina Makosa” ilikuwa imeenea nchi nzima.

Mtafiti wa muziki ni nadra kupata bahati kama hii. Bendi moja imekatwa katikati: mbele imekwenda huku, nyuma imekwenda kule. Kila upande umejaza nafasi zilizoachwa wazi kwa watu wengine. Tukitaka kujua mtindo ulikuwa unakaa wapi, tunasikiliza upande upi ulibaki na mwendo uleule baada ya kukatwa.

Tuanze na santuri yenyewe. “Sina Makosa” ilifika kwa wengi katika santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, na kwa desturi ya Nairobi ya wakati ule wimbo ulikatwa sehemu mbili. Upande wa kwanza una beti, upande wa pili una chemko. Msikilizaji alilazimika kuinuka, kuigeuza santuri na kuirudisha sindano. Mtindo huo ulikuwa mtihani mkali kwa bendi, maana upande wa pili hauna kisa kipya cha kumshika msikilizaji. Akigeuza, amegeuza kwa ajili ya mapigo.

Sasa sikiliza kinachomfanya ageuze. Gitaa la Omar Shabani halikwangui nyuzi zote kwa pamoja. Linazichambua moja moja, kifungu kifupi kinachorudi na kurudi, chenye nafasi tupu ndani yake. Besi ya Malanga inaingia hasa katika nafasi hizo. Haishiki mzizi wa wimbo na kutulia hapo; inapanda, inakatiza, inanyamaza kidogo halafu inashuka, kiasi kwamba mtu asiyejua Kiswahili anaweza kuiimba besi peke yake akaeleweka ni wimbo gani. Rashid Juma juu ya ngoma anajizuia. Ngereza kwenye solo anasema machache, anaacha. Maneno nayo ni ya mtu anayelaumiwa kwa mambo ya mapenzi na kujitetea, na kusema kweli si ushairi wa kutisha. Malenga wa kawaida wa Pangani angeandika utetezi mkali zaidi kabla ya kifungua kinywa. Lakini kila sauti katika rekodi ile ina pumzi, na hakuna chombo kinachomkanyaga mwenzake.

“Pepea” ni kitu kingine. Ilitolewa Ulaya, miaka mingi baada ya mpasuko, nayo inarudia nyimbo ambazo Simba Wanyika walikuwa wamezipiga zamani. Ni picha ambayo bendi inajipiga yenyewe ikiwa mtu mzima. Usafi wa sauti ni wa studio ya kisasa, na uimbaji wa kina Kinyonga ni wa hali ya juu: sauti mbili za ndugu zilizokaa pamoja tangu Tanga, moja ikijua pumzi ya nyingine itakata wapi. Saksafoni na gitaa la solo hupokezana kama wazee wanaoheshimiana barazani. Kwa uzuri wa mbele ya jukwaa, “Sina Makosa” haifui dafu mbele ya “Pepea”. Nakubali hilo bila kusita, na nadhani wafuasi wa Les Wanyika wangefanya vyema kulikubali pia.

Lakini funga sikio kwa waimbaji, sikiliza chini. Rithimu ya “Pepea” ni sahihi, inatunza wakati, inabeba wimbo hadi mwisho. Ni rithimu inayotumikia wimbo. Ile ya “Sina Makosa” inatunga. Hapo ndipo tofauti ilipo, na haiwezi kuelezwa kwa usafi wa mitambo, kwa kuwa mitambo mizuri zaidi ilikuwa upande ulioshindwa.

Pingamizi la kwanza ni la umri: hizi ni rekodi zenye miaka 13 baina yake, na “Pepea” ni marudio. Ni kweli, na lingekuwa pingamizi zito kama ningedai kwamba Simba Wanyika walikuwa bendi dhaifu. Dai langu ni finyu kuliko hilo. Wapenzi ndio walioziweka rekodi hizi mbili kwenye mizani moja, na zikipimwa kama rekodi, moja imezidi. Tukipima maisha ya bendi, miaka zaidi ya ishirini ya Simba Wanyika, kuanzia 1971 hadi ilipovunjika katikati ya miaka ya 1990, hesabu inageuka. Les Wanyika walitoa nyimbo nyingine nzuri, “Pamela” na “Paulina” zikiwamo, lakini wingi na uthabiti ni wa kina Kinyonga.

Pingamizi la pili ni la ukongwe, nalo ndilo linalopendwa zaidi mitaani: Simba ndiyo mama, Les ni mtoto, na mtoto hamshindi mzazi. Hoja hii ina adabu nyingi kuliko mantiki. Walioondoka mwaka 1978 hawakuwa wageni waliokuja kujifunza mtindo. Walikuwa sehemu ya waliouunda. Kuwaita watoto ni kukubali bila kuuliza kwamba bendi ni mali ya waliosimama mbele.

Pingamizi la tatu ndilo linalonishughulisha, kwa sababu ni la Tanga hasa. Sikio la mji huu limelelewa na taarabu, na katika taarabu neno ndilo bwana. Mtu husikiliza fumbo, hutuza ubeti, humkumbuka mwimbaji. Kwa sikio hilo ni jambo la kawaida kumpima Wilson kwa Issa Juma na kumsahau Tom Malanga. Lakini hebu tuangalie taarabu ya Tanga ilifanya nini. Wakati Unguja ilipokuwa ikitunza okestra kubwa zenye fidla na kanuni kwa mfano wa Misri, Black Star ya Tanga ilipunguza kundi, ikaingiza gitaa na gitaa la besi, ikayakaribisha mapigo ya dansi. Lucky Star ilizaliwa kutoka humo, na sauti ya Shakila binti Said ikaibeba taarabu hiyo mbali. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza iliyakusanya makundi hayo mawili katika albamu moja, “Nyota”. Mtu akiisikiliza leo anasikia mara moja kinachoitofautisha na taarabu ya Unguja: inatembea. Besi inaisukuma kutoka chini. Hata pale neno lilipokuwa bwana, Tanga ndiyo iliyompa bwana huyo miguu.

Kwa hiyo hoja kwamba sikio la Tanga ni sikio la maneno ni nusu tu ya ukweli. Mji uliofanya mageuzi makubwa ya taarabu kwa kuongeza besi haupaswi kuhukumu dansi kana kwamba besi haipo. Taarabu ya Black Star na dansi ya Jamhuri zilikua katika mitaa ileile ya barabara za namba za Ngamiani. Sidai kwamba Malanga alijifunza kwa Black Star. Ninadai kwamba msikilizaji aliyezoea Black Star alikuwa na kila sababu ya kumsikia Malanga.

Jambo moja zaidi kuhusu namna rekodi hizi zilivyopokewa. “Sina Makosa” ilipovuma, mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa, tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 hadi 1983. Kituo cha mpakani cha Horohoro kilikuwa na geti, lakini mawimbi ya redio hayakuwa na pasipoti. Wimbo uliopigwa na bendi yenye Watanzania ndani yake, wa mtindo ambao ndugu wa Tanga walisaidia kuuanzisha, ulirudi nyumbani kama bidhaa ya nje. Nadhani ndiyo sababu mojawapo ya wenyeji kuung’ang’ania ukoo wa Kinyonga katika ubishi huu: jina lao lina anwani ya Tanga, na wimbo wa Les Wanyika ulikuja kutoka Nairobi bila anwani. Ni hisia inayoeleweka. Haitoshi kuwa hukumu.

George Kinyonga alifariki Desemba 1992, mwaka uleule wa “Pepea”, na Wilson akamfuata mwaka 1995. Wapigaji wa nyuma wa Jamhuri na Atomic, wale ambao majina yao hayakuandikwa kwenye lebo ya santuri yoyote, hawana hata tarehe tunazoweza kuzitaja. Idara za muziki na historia za vyuo vyetu zina kazi ya kufanya Tanga: kuwatafuta walio hai, kuwarekodi wakipiga rithimu na besi pekee bila mwimbaji, na kuandika nani alipiga nini katika wimbo upi. Na wewe msomaji mwenye santuri ya Jamhuri au Atomic kabatini kwa mzee wako, usiitupe. Muulize jina la mpiga besi, uliandike nyuma ya jalada.