Amani katika Picha za Sam Ntiro

Mzee wa Handeni aliyeiona njaa, au wa Korogwe aliyekata mkonge wa mgeni, akizitazama picha za Sam Ntiro aweza kuuliza: amani hii yatoka wapi? Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alijifunza kuchora Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, kisha London. Alichora watu wa kwao wakilima, wakivuna, na, katika picha ya mwaka 1956, wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Jibu li katika zama zake. Chini ya ukoloni Mwafrika alihesabiwa kuwa kibarua. Ntiro alimwonyesha akiifanya kazi yake mwenyewe, pamoja na jirani zake. Amani hiyo ilikuwa dai. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, mchoraji huyo aliiwakilisha Tanganyika mjini London.