Nidhamu ya Ubwege

Usiku wa Jumapili, tarehe 5 Oktoba 1969, watazamaji wa BBC1 nchini Uingereza walimwona mzee mwenye ndevu na nguo zilizoraruka akitoka baharini, akajikokota hadi mbele ya kamera, akatamka neno moja, na papo hapo kipindi kikaanza. Hivyo ndivyo Monty Python's Flying Circus ilivyoingia majumbani. Ilidumu kwa misimu minne na vipindi 45, na cha mwisho kilirushwa tarehe 5 Desemba 1974. Tangu hapo vichekesho vya aina hiyo, ambavyo twaweza kuviita vya ubwege kama wahakiki wetu wanavyoziita tamthilia za Samuel Beckett na Eugène Ionesco, vimeelezwa mara nyingi kuwa ni fujo iliyopewa ruhusa: akili inapewa likizo, mambo hayana kichwa wala miguu, na watu wanacheka kwa sababu sheria zote zimetupwa jalalani. Maelezo hayo ni mepesi, na historia ya vichekesho vyenyewe inayakanusha. Kilichowavuta watazamaji kilikuwa kinyume cha fujo. Kilikuwa ni wazo moja lisilowezekana, likachukuliwa kwa uzito wote, likapelekwa hatua kwa hatua hadi ukomo wake, ndani ya taratibu ambazo kila mtazamaji alizijua tangu utotoni.

Ili kuona kilichobadilika, tuanze na namna kazi ya kuandika vichekesho vya televisheni ilivyokuwa kabla yake. Kipande cha dakika tatu au nne kilirithi kanuni zake kutoka kumbi za muziki na maonyesho za Uingereza. Kuna mahali, kuna watu wawili au watatu, wanashindwa kuelewana, kisha inakuja kauli ya mwisho inayolipua kicheko. Taa zinazimwa, bendi inapiga. Ustadi wa mwandishi ulipimwa kwa kauli hiyo. Graham Chapman, John Cleese, Eric Idle, Terry Jones na Michael Palin, waliokuja kukiunda kikundi cha Monty Python, walilelewa na kanuni hiyo. Watatu wa kwanza walitoka Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako Chapman alisomea udaktari na Cleese sheria; Jones na Palin walitoka Oxford. Wote watano waliandikia The Frost Report ya BBC mwaka 1966 na 1967, na huko walidaiwa vipande vyenye mwisho wa kulipuka wiki baada ya wiki. Kanuni hiyo ina kasoro ambayo kila fundi wa vichekesho anaijua: mara nyingi wazo zuri hufika kileleni likiwa katikati, na kauli ya kufungia inayolazimishwa baadaye hulishusha thamani. Kwa hiyo mwandishi hutupa wazo zuri kwa kukosa mwisho, na kubakiza wazo hafifu kwa kuwa lina mwisho.

Aliyeonyesha njia ya kutokea alikuwa Spike Milligan. Alizaliwa India mwaka 1918, mtoto wa askari, akapigana Afrika Kaskazini na Italia katika Vita Vikuu vya Pili, kisha kuanzia mwaka 1951 hadi 1960 akaandika sehemu kubwa ya The Goon Show, kipindi cha redio alichoigiza pamoja na Peter Sellers na Harry Secombe. Redio ilimpa uhuru mkubwa, kwa kuwa kuzamisha meli kwa sauti hakugharimu zaidi ya kufunga mlango. Lakini uhuru huo aliutumia kwa namna maalumu. Hadithi zake zilijaa maofisa, amri, misafara ya kijeshi na sauti za watangazaji rasmi. Mtu aliyekuwa askari anajua kuliko wengine kwamba amri ya kijinga hutekelezwa kwa saluti ileile inayopewa amri ya busara. Mwezi Machi 1969 Milligan alihamishia mtindo wake kwenye televisheni, katika kipindi cha Q5 kupitia BBC2. Vipande vyake vilikoma bila kauli ya mwisho. Waigizaji waliacha walichokuwa wakifanya, wakasogea kuielekea kamera huku wakiulizana wafanye nini sasa. Jones na Palin walipokiona walitambua kwamba mlango waliokuwa wakiusukuma umekwisha kufunguliwa. Hata mwongozaji wa Q5, Ian MacNaughton, ndiye aliyekuja kuongoza vipindi vingi vya Python.

Kuiondoa kauli ya mwisho kuliacha pengo, na namna walivyoliziba ndiyo inayoonyesha kwamba hawakuwa watu wa fujo. Mwenzao wa sita, Terry Gilliam, Mmarekani mzaliwa wa Minnesota, alikata michoro ya vitabu vya enzi ya Malkia Victoria na picha za kale, akazifanya zitembee na kuunganisha kipande kimoja na kingine. Mguu mkubwa unaoshuka kutoka juu na kusaga kila kitu aliukata kwenye mchoro wa Bronzino, msanii wa Italia wa karne ya 16, ulioko National Gallery jijini London. Muziki wa kufungulia ulikuwa The Liberty Bell, wimbo wa gwaride ulioandikwa na John Philip Sousa mwaka 1893. Chapman naye alivaa sare ya kanali na kuingia ghafla kusimamisha kipande kwa sababu kimekuwa cha kipuuzi kupita kiasi. Hapo pana siri kubwa: hata utaratibu ulipovunjwa, ulivunjwa na ofisa mwenye mamlaka ya kufanya hivyo. Uandishi wenyewe nao ulikuwa na ratiba. Cleese na Chapman waliandika pamoja, Jones na Palin pamoja, Idle peke yake. Kisha walikutana, wakasomeana, na kilichoshindwa kuwachekesha wenzao kiliwekwa kando au kurudishwa kuandikwa upya.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni kipande cha kasuku aliyekufa, kilichorushwa tarehe 7 Desemba 1969. Mteja, Cleese, anarudi dukani kulalamika kwamba ndege aliyeuziwa amekufa. Muuzaji, Palin, anashikilia kwamba ndege amepumzika tu. Kipande hiki kilikuwa na mzazi. Katika kipindi cha How to Irritate People, kilichorekodiwa mwaka 1968, Chapman ndiye mteja mwenye gari bovu, na Palin ndiye muuzaji asiyekubali kwamba gari lina hitilafu hata linapokatikakatika. Mabishano ni yaleyale: mmoja ana ushahidi mkononi, mwingine ana visingizio visivyokwisha. Toleo la gari linachekesha kwa sababu linafanana na maisha. Toleo la kasuku linachekesha zaidi, na sababu si kwamba mantiki imeondolewa. Mantiki imebaki vilevile, ila kitu kinachobishaniwa sasa hakina nafasi ya shaka hata kidogo. Gari linaweza kuwa zima au bovu kwa kiasi fulani. Mauti hayana kiasi. Mteja anatoa hoja kama wakili, anarundika maneno ya msiba moja juu ya jingine, anagundua kwamba ndege alipigiliwa misumari kwenye kijiti chake, na bado muuzaji ana jibu. Hakuna anayeigiza wazimu. Kila mmoja anatekeleza wajibu wake kikamilifu, mmoja kama mteja na mwingine kama muuzaji.

Kanuni hiyohiyo inatawala vipande vingine vilivyodumu. Katika Wizara ya Mienendo ya Kipuuzi, iliyorushwa tarehe 15 Septemba 1970, Cleese anatembea kwa miguu inayoruka na kujipinda, lakini amevaa suti na kofia nyeusi ya ofisa wa London na ameshika mkoba. Mwombaji anakuja kutafuta ruzuku ya kuendeleza mwendo wake. Ofisa anauchunguza, anaona haujafikia kiwango, na analalamika kwamba wizara yake inatengewa fedha kidogo kuliko ulinzi wa taifa. Katika kliniki ya mabishano ya mwaka 1972, mtu analipa pauni moja abishiwe kwa dakika tano, kisha anadai kwamba kupingwa tu si kubishiwa, na fedha yake imeliwa. Ukiondoa bidhaa inayouzwa, hayo ni malalamiko halali ya mteja yeyote. Waingereza wa wakati huo walikuwa wameishi na mgawo wa chakula hadi mwaka 1954, na wanaume wengi walikuwa wamepitia jeshi la lazima. Walikuwa wameona dola yao ikipungua haraka, Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, Kenya na Zanzibar mwaka 1963, ilhali sare, vyeo na majalada vikibaki palepale. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji mkalimani hapa, kwa kuwa mihuri, mafaili na foleni za ofisi zetu za serikali tulirithi kwa sehemu kubwa kutoka kwa maofisa wa aina hiyohiyo.

Atakayebisha kwanza atasema kwamba haya ni kuupamba upuuzi kwa falsafa, na kwamba kipande kisicho na mwisho chaweza kuandikwa na yeyote na kukatwa popote. Jibu la pingamizi hilo lilitolewa mahakamani. Mwaka 1975 kampuni ya televisheni ya ABC ya Marekani ilikusanya vipindi vitatu vya msimu wa mwisho ili viwe onyesho moja, na kati ya dakika 90 ikaondoa 24, ili kupata nafasi ya matangazo ya biashara na kuepuka maneno iliyoyaona hayafai. Kikundi kiliishtaki. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ya shirikisho mjini New York ilikubali kwamba ukataji wa namna hiyo waweza kuwa ni kuiharibu kazi yao, na ikazuia kurushwa kwa matoleo hayo. Kama vichekesho vya ubwege vingekuwa mrundikano wa mambo yasiyohusiana, kuondoa zaidi ya robo yake kusingedhuru kitu. Viliharibika kwa sababu jambo lililoanzishwa mapema hurudi baadaye likiwa limekomaa, na anayekata mbegu hapati mavuno.

Pingamizi la pili linasema kwamba mvuto huu ni wa wasomi wa Oxford na Cambridge, au kwa uchache ni wa Waingereza tu. Ni kweli kwamba majina ya wanafalsafa na wanahistoria yalitajwatajwa, na kwamba baadhi ya utani ulihitaji elimu. Lakini mwaka 1971 kikundi kilikwenda Ujerumani kurekodi kipindi ambacho waigizaji walikariri maneno ya Kijerumani, na mwaka 1974 kituo cha umma cha KERA mjini Dallas, Texas, mbali kabisa na vyuo vya Uingereza, ndicho kilichoanza kuwaonyesha Wamarekani mfululizo wa Flying Circus. Sisi wenyewe tuna ushahidi wa kale zaidi. Abunuwasi anaazima sufuria, analirudisha pamoja na kisufuria kidogo, na kumwambia mwenyewe kwamba sufuria limezaa. Mwenye mali anapokea kwa furaha. Siku nyingine analiazima tena, kisha anatoa habari kwamba limekufa. Aliyekubali kwamba sufuria huzaa hana haki ya kukataa kwamba hufa. Hadithi hiyo imewachekesha watoto na wazee ambao hawakuingia darasani kamwe, na imejengwa kwa kanuni ileile: dai moja lisilowezekana, kisha uaminifu kamili kwa matokeo yake.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote. Linasema kwamba vichekesho hivi vinakwepa wajibu, kwa kuwa havimtaji mtawala yeyote. That Was the Week That Was ya BBC, mwaka 1962 na 1963, iliwakabili wanasiasa kwa majina yao, na ulikuwa ujasiri unaostahili heshima. Hata hivyo, kejeli ya namna hiyo huzeeka pamoja na anayelengwa. Leo sehemu kubwa yake inamhitaji mtazamaji aelezwe waziri huyo alikuwa nani. Ubwege unalenga tabia ya mamlaka, na tabia hiyo haistaafu. Waziri wa mienendo ya kipuuzi hana jina, na kwa hiyo anamfaa kila waziri. Ni lazima pia kukiri kwamba si kila kipande cha Python kimedumu. Utani juu ya wageni na watu wa mataifa mengine unaumiza leo, na Carol Cleveland, mwigizaji mwanamke aliyeonekana mara nyingi zaidi, alipewa mara nyingi nafasi za urembo tu. Lakini tazama ni vipande gani vilivyochakaa: ni vile vilivyomcheka mtu kwa alivyozaliwa, pasipo kujenga mantiki yoyote juu yake. Kuchakaa kwa hivyo kunaithibitisha hoja.

Waliofuata waliichukua sehemu iliyo rahisi kuonekana. Lorne Michaels, Mkanada aliyeanzisha Saturday Night Live mjini New York mwezi Oktoba 1975, hakuficha jinsi alivyowahusudu Python, na tangu hapo watu wengi katika nchi nyingi wamevaa mavazi ya ajabu na kupaza sauti mbele ya kamera wakiamini kwamba ajabu yenyewe inatosha. Haitoshi. Kipande cha ubwege kinachofaa huulizwa swali moja, nalo ni sheria gani kinayoitii. Kikikosa jibu, mtazamaji huchoka ndani ya dakika moja. Na swali hilo lina uzito nje ya studio. Mtu aliyemcheka ofisa makini anayekagua mwendo wa kijinga kwa fomu na bajeti amejifunza kwamba utaratibu na busara ni vitu viwili tofauti, kwamba jambo laweza kupitishwa, kupigwa muhuri na kutekelezwa kwa adabu zote na bado likawa upuuzi mtupu. Raia anayelijua hilo ni mgumu kudanganywa, na sanaa inayomfundisha kwa kicheko inastahili kuandikwa, kuhifadhiwa na kuhakikiwa kwa uzito uleule tunaoipa tanzia.