Kusaidiwa Kufa kwa Hiari

Bunge la jimbo la Victoria, Australia, lilipitisha mwaka 2017 sheria yenye jina linalojumlisha mambo matatu: hiari, msaada na kufa. Ilianza kutumika Juni 19, 2019, na majimbo mengine yote ya nchi hiyo yakafuata, la mwisho likiwa New South Wales mwaka 2023. Mkalimani wa Kiswahili anayeketi Melbourne kati ya daktari na mzee Mkongo hawezi kusubiri kamusi impe jina hilo kwa Kiswahili.

"Eutanasia" ni pana mno, na wengine hulisikia wakawaza mnyama anayedungwa sindano. "Kifo cha huruma" ni baya zaidi: huruma ya nani? Linampa uamuzi anayehurumia, ilhali sheria ya Victoria yamtaka mgonjwa mwenyewe aombe mara tatu, mara moja kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili. "Kujiua kwa kusaidiwa" lina mgogoro wake. Majimbo yalilikwepa kusudi, na cheti cha kifo cha Victoria hutaja ugonjwa. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba, kwa sheria ya jinai ya shirikisho inayokataza kuhimiza kujiua kwa njia za mawasiliano, kufa huko ni kujiua; ndiyo maana madaktari huogopa kushughulikia maombi haya kwa simu au video.

Hata "kifo cha hiari" hapana. Kwa sheria ya Victoria ilivyopitishwa mwaka 2017, anayekubaliwa ni mtu ambaye ugonjwa unatarajiwa kumuua ndani ya miezi 6, au 12 ukiwa wa kudhoofisha mishipa ya fahamu. Kifo hakukichagua, alichochagua ni namna na siku. Kwa hiyo naona "kusaidiwa kufa kwa hiari" ndilo la kushika, na pakiwa na utata iongezwe "yake". Ni refu, lakini mgonjwa ndiye mtenda.

Tatizo linahamia kwa mtoto wa mgonjwa, anayesikia "kusaidiwa" akadhani ndiye msaidizi. Sivyo. Msaada unaotajwa ni wa kitabibu: daktari anaandika dawa, inakaa ndani ya kisanduku chenye kufuli, mzazi anainywa mwenyewe. Asipoweza, daktari humpa. Mtoto haruhusiwi kumkalimania mzazi wake, na akijua kuwa ni mrithi katika wasia hawezi kuwa shahidi. Anaweza kuteuliwa kuwa yule ambaye nyaraka humwita "mtu wa mawasiliano", jina linalonukia ofisi ya uhusiano. Kazi yake hasa ni kurudisha dawa iliyobaki, basi ningemwita "msimamizi wa dawa". "Mwakilishi" lisitumike kabisa, maana hamwakilishi mtu.

Mengine yote anayofanya mtoto yana neno tayari: kuuguza. Kumgeuza mama kitandani, kupokea simu za ndugu wenye hasira kutoka Bukavu, kuketi naye hata kama moyo wake mwenyewe haujakubali. Tiba shufaa pia haikomi kwa sababu ombi limepelekwa. Ni huduma nyingine, ya kutuliza maumivu bila kuharakisha kifo, na mgonjwa anaweza kuwa nazo zote mbili.

Orodha ya mkalimani iwe pia na "kughairi". Fomu kadhaa zingeshawishi mtu aandike "kukataa", lakini anayekataa hukataa la mwenzake. Mzazi anaghairi nia yake mwenyewe, hatua yoyote, hata kisanduku kikiwa kimeshafika nyumbani, na hadaiwi sababu na daktari wala na mwanawe.