Volti 48

Nilianza kazi ya simu mjini Unguja mwaka 1984, na fundi aliyenifunza alikuwa akichuna waya kwa meno. Koleo analo, limening'inia kiunoni, ila meno yalikuwa karibu zaidi. Siku moja yuko juu ya nguzo, waya umo mdomoni, na huko mjini mtu asiye na habari akapiga namba ile ile. Laini iliyonyamaza ina volti 48 hivi, ukiigusa kwa kidole kikavu huenda usihisi kitu. Ikiita, mtambo wa simu hupitisha umeme wa kupishana unaovuka volti 70, na ulimi una maji. Mzee alitoa tusi ambalo sijalisikia tena hadi leo. Aliposhuka akanitazama: "Mwanangu, waya wa simu haulali."

Sikujua kwamba miaka zaidi ya 20 baadaye ningekuwa nikipanda mapaa ya mahoteli kufunga vifaa vya waifai, na kwamba volti zilizomuuma mzee zingenifuata huko juu.

Vijana wanaoanza kazi hii hudhani kupitisha umeme ndani ya waya wa mawasiliano ni ujanja wa juzi. Kebo ya telegrafu ilipofika Zanzibar mwaka 1879, kwenye njia ya kutoka Aden kwenda Durban, ujumbe wenyewe ulikuwa ni umeme wa betri. Simu za mwanzo nazo zilikuwa kila moja na betri yake ukutani na mkono wa kuzungusha. Betri zikifa, fundi anakwenda nyumba kwa nyumba. Mwaka 1893, huko Lexington, Massachusetts, wakaanza kukusanya betri zote mahali pamoja, kwenye mtambo, na kumpelekea kila mteja umeme kwa waya ule ule wa kuongelea. Ndiyo maana umeme wa mji ukikatika, simu ya mezani iliendelea kufanya kazi. Kwenye mtambo wetu kulikuwa na chumba cha betri za asidi, kila seli volti 2, seli 24 zimepangwa kwa safu. Hesabu hiyo ndiyo 48. Harufu ya chumba kile bado naijua.

Na chanya ya betri hizo ilifungwa ardhini, laini ikabaki hasi. Nilipouliza kwa nini, mzee alinionyesha kiungio kilichoota ukungu wa kijani. Umeme ukikutana na unyevu hula shaba upande wa chanya, basi ukiiacha laini iwe hasi, shaba yako inaishi. Kwa mji unaopumua chumvi usiku kucha, hilo si jambo dogo.

Kompyuta zilipokuja na nyaya zake, busara hii ikasahauliwa. Kebo ya mtandao ilibeba data tu, umeme ukatafutwa pengine. Nakumbuka kazi zangu za mwanzo za waifai: ruta ya ndani ya nyumba imetiwa kwenye kopo la plastiki, kopo limefungwa kwenye bomba la antena, na waya wa stima wa volti 230 umeburutwa juu ya bati mpaka kwenye soketi iliyofunikwa kwa ndoo. Mvua za masika zilitufundisha adabu. Ndipo mafundi wakakumbuka kwamba kebo ina jozi nne, na mtandao wa kasi ya megabiti 100 unatumia mbili tu. Jozi zilizolala, pini 4 na 5, 7 na 8, zikapewa umeme. Chanya huku, hasi kule, kwisha.

Mimi huuita umeme kipofu. Adapta inausukuma bila kujua upande wa pili kuna nini. Redio nyingi za waifai za bei nafuu zilizojaa mapaa yetu ziliutumia kwa volti 24, na kusema kweli ndizo zilizotufungulia kazi. Baada ya nyaya za baharini kufika pwani yetu mwaka 2009 na 2010, kila hoteli ilitaka waifai mpaka ufukweni, na hakuna aliyekuwa na fedha za vifaa vya kifahari. Lakini adapta ya 24 na ya 48 zina plagi moja na rangi moja, nyeusi. Huko Nungwi, juu ya paa la makuti, nilichomeka adapta ya kamera, ile ya 48, kwenye redio ya 24. Haikulia wala haikutoa cheche. Harufu tu ilishuka taratibu. Redio ile niliilipa mwenyewe.

Wakati huo kiwango cha kistaarabu cha kupitisha umeme ndani ya kebo ya mtandao kilikuwa tayari kipo tangu 2003, kile cha 802.3af, nacho kilirudi kwenye ukoo wa 48: volti 44 mpaka 57, chini ya 60 zinazohesabiwa salama kwa mguso. Jipya lake ni adabu ya kubisha hodi. Swichi ya mtandao hutuma kwanza volti chache, hazizidi 10, ikitafuta ukinzani wa omu 25,000 hivi. Isipoupata, haifungui. Kifaa kikichomolewa, inafunga tena.

Hesabu yake naipenda kwa sababu haimdanganyi fundi. Imeanza na kebo mbaya: mita 100, omu 20 kwenda na kurudi. Ampea 0.35 zikipita humo, wati 2.45 zinaishia kupasha waya moto. Swichi inatoa 15.4, kifaa kinaahidiwa 12.95. Sasa punguza volti nusu: kwa mzigo ule ule mkondo unakuwa maradufu, na hasara njiani mara nne. Kwa hiyo kifaa cha volti 24 kilicho mwisho wa kebo ndefu huzimika na kuwaka kama mshumaa mbele ya dirisha, na mwenye hoteli anamlaumu mtoa huduma. Kebo ikiwa alumini iliyopakwa shaba, ndiyo kabisa. Ikwangue kwa kisu kabla ya kulipa. Ikiwa nyeupe ndani, mrudishie.

Vilikuja viwango vya wati 30 mwaka 2009 na wati 90 mwaka 2018, na vifaa vya nje vya siku hizi vyenye redio mbili au tatu vinavihitaji. Hapo watu huhesabu matundu ya swichi wakasahau tumbo lake. Swichi ya matundu 8 yenye wati 65 kwa jumla haiwezi kutoa 15.4 kwa kila tundu. Niliwahi kuitwa mara tatu hoteli moja ambako kifaa cha mwisho kilikufa kila jioni, wageni wakirudi kutoka pwani na simu zao. Mchana nikifika, kizima.

Chumvi haijatuacha. Simu ilikuwa na ujanja wa kuiacha laini hasi. Plagi yetu ina chanya na hasi zote ndani yake, kwa hiyo lazima upande mmoja uliwe. Kwenye redio za umeme kipofu, pini 4 na 5 ndizo ninazozikuta kijani. Natia grisi, naacha kebo ining'inie chini ya kifaa kabla ya kupanda, na bado narudi.

Mwezi uliopita nilikuwa juu ya paa Shangani na kijana ninayemfundisha. Swichi chini ilikuwa inawaka, kebo imekatwa upande wetu, nami nikageuka kutafuta koleo. Nilipomtazama tena, ameshaitia kebo mdomoni, anachuna waya kwa meno. Moyo ulinipasuka, nikapiga kelele. Akatema kipande cha plastiki juu ya bati. "Nini, babu?"

Swichi ilikuwa imebisha hodi mdomoni mwake, haikumkuta mwenyeji, ikaenda zake.