Mwalimu wa Segbwema na Maseremala Wake

Mwaka wa 1964 kijana Mmarekani mweusi, miaka ishirini na kitu, alifika Sierra Leone kufundisha sekondari. Anaitwa Martin Puryear. Leo ni kati ya wachongaji wanaoheshimika sana duniani, na mwaka wa 2019 ndiye aliyeiwakilisha Marekani kwenye maonyesho ya Venice. Mimi lakini huvutwa na ile miaka miwili ya kwanza, wakati hakuna aliyemjua isipokuwa wanafunzi wake na majirani.

Alipelekwa na Peace Corps, lile shirika la kujitolea ambalo Rais Kennedy alilianzisha Machi 1961. Sierra Leone yenyewe ilipata uhuru Aprili ya mwaka huohuo. Ghana na Tanganyika ndizo zilizopokea makundi ya mwanzo kabisa, na hapa Kenya nao walianza kuja tulipopata uhuru. Uliza wazee waliosoma sekondari enzi hizo, wengi watakupa stori ya mwalimu fulani Mmarekani aliyejifunza kula ugali kwa mkono na kuchekwa na kijiji kizima.

Puryear aliwekwa Segbwema, mji mdogo wa mashariki, wilaya ya Kailahun, nchi ya Wamende. Reli ya kutoka Freetown ilipita hapo ikielekea Pendembu, reli nyembamba ya inchi 30. Ile ya mkoloni ya Mombasa, yenye upana wa mita moja, ni pana kweli ukizilinganisha. Shuleni alifundisha Kiingereza, Kifaransa, bayolojia na sanaa. Hebu mfikirie: asubuhi anaeleza mzunguko wa damu, saa nne ni vitenzi vya Kifaransa, mchana penseli na karatasi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta Washington, mama yake mwalimu, na yeye kifungua mimba wa watoto saba. Kazi ya kugawanya kitu kidogo kikatosha watu wengi hakuanzia Segbwema.

Alichora kila alichokiona. Nyuso za watu, nyumba, mimea, hata wadudu, kwa uangalifu wa mtu aliyesomea bayolojia kabla ya kugeukia uchoraji. Uso hauwezi kuuchora hivyo kwa kupita tu barabarani. Lazima mwenye uso akubali kukaa, na akikaa mtaongea, na kesho akikuona sokoni atakuita.

Kisha kuna maseremala. Hapo ndipo mimi husoma polepole.

Jamaa huyu hakuwa mgeni wa mbao. Tangu ujana wake alishatengeneza magitaa, samani, hata mitumbwi. Angeweza kuja na maringo ya mtu wa Washington aje awaonyeshe wenyeji vile kazi inafanywa. Badala yake aliingia kwenye karakana za mafundi wa hapo, watu waliofanya kazi bila umeme, kwa vifaa vya mkono tu, akajifunza kwao. Yaani darasani yeye ni mwalimu wa kuamkiwa na wanafunzi wakisimama, na akitoka darasani ni mwanagenzi. Urafiki wa aina hiyo una uzito, kwa sababu kila upande una kitu ambacho mwingine anakihitaji. Na alifanana nao sura, ilhali akifungua mdomo tu kila mtu anajua ni mgeni. Amewahi kueleza kwamba hakwenda kule ili awe msanii wa Kiafrika. Alichokitaka ni ujuzi.

Nalinganisha na tuliyoyaona mtaani kwetu Eastlands. Nikiwa darasa la sita lilikuja kundi la wageni wa kujitolea kuchora ukuta wa shule ya jirani. Wiki mbili. Wakachora twiga wawili na jua, wakapiga picha nasi, wakaenda. Twiga Eastlands, kweli? Ngazi waliyopandia waliiazima kwa mjomba wangu, seremala wa Gikomba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza imeunganishwaje. Sisemi walikuwa watu wabaya. Walicheka nasi vizuri, na peremende zilikuwa tamu. Ila walikuja kutoa tu, na mtu aliyekuja kutoa tu ni vigumu kuwa rafiki yake.

Hata hivyo nina lalamiko langu kuhusu Segbwema pia. Katika niliyoyasoma, Puryear ana jina na wale mafundi wanatajwa kwa wingi: maseremala. Huyu anayesugua randa, yule mwenye patasi, wote neno moja.

Alipomaliza mwaka wa 1966 alienda Stockholm kusoma kwenye chuo cha kifalme cha sanaa, na huko akakutana na James Krenov, fundi wa samani mwenye sifa. Baadaye Yale. Mwaka wa 1977 moto uliteketeza studio yake ya Brooklyn na karibu kila alichokuwa nacho. Mikono ikabaki.

Kazi yake ninayoipenda zaidi ni ya 1996, ngazi ya mbao ya futi 36 inayoning'inia hewani, pana kidogo chini na nyembamba juu kiasi kwamba kidole gumba kingeiziba. Imepewa jina la Booker T. Washington, yule aliyezaliwa utumwani akaja kuongoza chuo cha Tuskegee na kuhimiza weusi wapande kwa kazi ya mikono. Jina hilo lilitugusa hata sisi. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka wa 1924, na mwaka uliofuata ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, kwa mawazo yaleyale ya Tuskegee. Mwafrika afundishwe kilimo, afya na ufundi. Hayo mengine yatangoja. Wazee wetu waliona mtego. Wakadai vitabu, wakajenga shule zao wenyewe, na walikuwa na haki. Lakini tulipokimbia ule mtego tulimwacha fundi nyuma. Mpaka leo mzazi akitaka kumtisha mtoto asiyesoma anamwambia ataishia jua kali. Binamu zangu waliambiwa hivyo ndani ya nyumba iliyolipiwa kodi na vitanda vya futi tano kwa sita.

Puryear aliipokea kazi hiyohiyo kama elimu ya juu, kutoka kwa watu ambao mkoloni aliwahesabu kuwa vibarua.

Reli ya Segbwema iling'olewa miaka ya sabini. Vita vya Sierra Leone vilianzia wilaya hiyohiyo ya Kailahun mwezi Machi 1991, vikaendelea hadi 2002. Michoro ya Puryear ilikuwa ng'ambo ikawa salama, na baadhi ilionyeshwa New York na Chicago miaka ya 2015 na 2016. Nyuso za watu wa mji mmoja mdogo, kwa penseli na wino, zikitazamwa na watu wasioweza kuwaamkia.

Mwezi jana nilimwonyesha mjomba picha ya ile ngazi kwenye simu. Hakuuliza maana yake wala bei. Aliikuza kwa vidole, akapita vipandio, akasimama kwenye zile nguzo mbili zilizopindapinda.

"Huu ni mti mmoja," akasema. "Ameupasua katikati. Hakutumia msumeno kuunyoosha, ameufuata."

Nikamwambia ndiyo, ni mti mmoja mchanga uliopasuliwa. Akaangalia tena, kisha akaniuliza huyo fundi alifundishwa wapi.