Ghamu Iliyokanushwa: Jinsi Maradhi ya Sonona Yalivyopata Kutambuliwa Afrika

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkabidhi Dakta J. C. Carothers, tabibu wa kawaida ambaye hakuwa bado amesomea maradhi ya akili, usimamizi wa hospitali ya Mathari huko Nairobi, naye akaushika hadi mwaka 1950. Na miongoni mwa mambo aliyoyatangaza kwa yakini ni kwamba ni nadra Mwafrika kupatwa na sonona, yaani ile ghamu ya maradhi imwondoleayo mtu usingizi, hamu ya chakula na raghba ya kuishi. Hoja yake ilikuwa ya dhuluma kuliko dai lenyewe: mgonjwa wa sonona, alisema, huilaumu nafsi yake, ilhali Mwafrika, aliyezoea kuwatwika wachawi na mizimu kila msiba, hana dhamiri ya kujihukumu. Mwaka 1951 alifikia hata kumfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likakichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika.

Lakini tabibu aliyeketi hospitalini alimwona yule tu aliyeletwa, na aliyeletwa aghalabu ni yule aliyewaghasi watu, akapiga majirani au akatia moto nyumba. Mwanamke aliyelala akiuelekea ukuta, asiyekula wala kusema, nani angehangaika kumfikisha Mathari?

Aliyewafuata wagonjwa wa namna hii mahali walipokuwa ni Margaret Field, mwalimu wa kemia aliyegeuka mtafiti wa mila katika Gold Coast (Ghana ya leo), kisha akasomea utabibu. Katika vijiji vya Ashanti aliketi penye mizimu ambako watu walikwenda kuomba himaya, akawasikiliza wanawake wenye umri wa makamo wakiungama, bila ya kushurutishwa na mtu, kwamba wao ni wachawi, wamewaua jamaa zao, hawafai kitu. Field, katika kitabu alichokitoa mwaka 1960, aliwatambua kuwa ni wagonjwa wa sonona. Ile lawama ya nafsi ambayo Carothers aliikana ilikuwapo tele, nayo imevaa vazi la uchawi, ambao yeye aliudhania kuwa ndio kinga dhidi yake! Huko Nigeria nako Dakta Thomas Adeoye Lambo, ambaye tangu mwaka 1954 aliwapangisha wagonjwa wa hospitali ya Aro, Abeokuta, pamoja na jamaa zao katika vijiji vya jirani, alitembea na wenzake miongoni mwa Wayoruba, na kazi yao ya mwaka 1963 ikaonyesha kwamba dalili za sonona si ngeni hata kidogo.

Wakati huo dawa nayo ilikuwa imekwisha kupatikana, kwani mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi alikuwa ameeleza manufaa ya imipramini. Na kumnyima mtu jina la ugonjwa wake kukawa ni kumnyima na tiba. Mwaka 1968 Raymond Prince aliuliza kama sonona imezidi Afrika au ni desturi ya matabibu iliyobadilika. Jibu lililo bayana lilitoka Uganda, ambako John Orley na John Wing waliwahoji wanavijiji kwa Kiganda, wakaripoti mwaka 1979 kwamba sonona ilikuwa nyingi huko kuliko katika mtaa wa London waliolinganisha nao.

Na vijijini ndiko tiba nayo ilikokwenda. Huko huko Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, zilizokuwa zimeonja mauti mengi ya UKIMWI, wenyeji wasio matabibu walifunzwa kwa wiki mbili kuongoza vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16, kila mmoja akieleza msiba, ugomvi au badiliko la maisha lililomlemea, na wenziwe wakimshauri la kufanya hadi kikao kijacho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: dalili zilipungua mno kuliko katika vijiji visivyopewa vikundi hivyo, na watu wakarejea mashambani na kwenye kazi za jamii zao.