Saa ya Ng'ombe Mia Tano

Mwishoni mwa Julai 1858 msafara mdogo uliotoka Kaze, yaani Tabora ya leo, ulikuwa ukielekea kaskazini kwa kufuata ghuba ndefu nyembamba iliyozidi kupanuka kila siku. Ndiyo Ghuba ya Mwanza. Nyegezi na Butimba ziko kwenye ukingo wake wa mashariki. Aliyeongoza msafara ni John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza huko India. Mkubwa wake, Richard Burton, alikuwa amebaki Kaze. Walinzi walikuwa Wabaluchi waliotolewa na Sultani wa Zanzibar. Mkalimani alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India miaka mingi, kisha akarudi Afrika mtu huru. Tarehe 3 Agosti walipanda kilima kilicho karibu na maji, na ziwa likajitandaza mbele yao.

Speke aliuchemsha mkebe wa maji, akatumbukiza kipimajoto, akakadiria kwamba ziwa liko futi 3,740 juu ya bahari. Vipimo vya leo vinasema mita 1,134, yaani futi 3,720. Kwa mtu mwenye birika na kuni, hesabu hiyo inastahili heshima.

Kilichomtesa ni saa. Msafara ulianza pwani na kronomita kadhaa, saa zilizotengenezwa kwa usahihi wa kutumika baharini, lakini zote ziliharibika njiani. Katika safari hiyo Speke alilazimika kufunga risasi ya bunduki kwenye uzi wa inchi 39 na kuibembeza. Kila mbembeo wa uzi wa urefu huo huchukua sekunde moja. Akawa na saa ya uzi na risasi.

Kwa nini ahangaike hivyo? Dunia huzunguka digrii moja kila baada ya dakika nne. Ukiwa na saa inayotunza wakati wa Unguja, nawe ukaona jua limefika utosini mahali ulipo, tofauti ya dakika itakuambia umeenda magharibi kiasi gani. Jua likiwa utosini Unguja, Butimba inangoja dakika 25 hivi. Saa ikikosea dakika nne tu, unajichora kwenye ramani zaidi ya kilomita 100 kutoka pale ulipo. (Saa ya serikali, kwa bahati, haijali hayo: jua la Butimba, kwa wastani, hufika utosini saa saba kasoro dakika 12, na hakuna aliyewahi kuchelewa kula kwa sababu hiyo.)

Speke aliporudi Kaze na kutangaza kuwa ameona chanzo cha Naili, Burton hakumwamini. Ikabidi arudi tena Afrika, safari hii na James Grant, na Bombay tena. Walipita magharibi ya ziwa, Karagwe kwa Rumanika, hadi Buganda, ambako Speke alifika Februari 1862. Zawadi alizomkabidhi Kabaka Mutesa ziliorodheshwa katika kitabu chake: bunduki, bastola, darubini, nguo za hariri, kiti cha chuma, shanga, visu na vijiko, na kronomita ya dhahabu. Mutesa alizipenda zaidi bunduki. Saa imetajwa katikati ya orodha, kati ya bunduki na bastola.

Bunyoro ilikuwa habari nyingine. Mwezi Septemba 1862 Speke alifika kwa Omukama Kamurasi, mfalme mtulivu, mwenye wasiwasi na wageni, na mwenye kujua kuomba. Kamurasi akaiona kronomita iliyobaki, ile ambayo Speke alikuwa akiitegemea kupimia njia yake. Kwa simulizi ya Speke mwenyewe, watu wa mfalme walidhani ni dawa, chombo cha uganga kinachomwonyesha Mzungu njia. Wala hawakukosea sana: hiyo hasa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Speke, ambaye hakutaka kuitoa, alijaribu kuipunguzia hadhi. Akasema ni kitu cha kumwambia tu saa ya kula imefika.

Haikusaidia. Basi akageuka upande wa pili na kutaja bei. Saa hii, alisema, iligharimu ng'ombe mia tano, na haina ya pili.

Mtu wa Usukumani ataelewa mara moja uzito wa maneno hayo. Ng'ombe mia tano si bei, ni ukoo mzima. Ni mahari ya vijana wengi na chakula cha miaka ya njaa. Wajumbe wa Kamurasi walishangaa, wakarudia hesabu ile kwa mshangao. Speke alitarajia kwamba bei ingewakatisha tamaa, lakini ikawa kinyume. Kabla ya hapo Kamurasi alitaka kitu cha ajabu cha mgeni. Baada ya hapo alitaka kitu kimoja tu duniani chenye thamani ya ng'ombe mia tano. Mfalme gani angekubali kitu kama hicho kipite nchini mwake kikiwa mfukoni mwa mtu mwingine? Mwishowe Speke aliitoa. Haikuchukua muda ikaletwa tena kwake ili itengenezwe, mshale wa sekunde umeng'oka.

Miaka miwili baadaye Samuel Baker alipita Bunyoro na mwenzi wake Florence, naye akaombwa saa, pamoja na dira na silaha. Baadaye ndipo alipojua kwamba aliyekuwa akimwomba hakuwa Kamurasi bali ndugu yake, aliyejifanya mfalme. Tamaa ya saa, inaelekea, ilikuwa ya familia.

Nimekaa sana Bunyoro kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo biashara ya saa za ndoto, zile ambazo kila mkusanyaji anazitamani, imeelezwa wazi hivyo. Leo wanaokusanya saa hukutana kwenye minada ya Geneva na New York, na mambo ni yale yale. Tarehe 26 Oktoba 2017, New York, iliuzwa Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman kwa dola milioni 17.75. Ni saa ya chuma cha pua aliyonunuliwa na mkewe Joanne Woodward mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati saa za uso wa namna ile hazikuwa na wateja wengi. Nyuma yake mkewe aliagiza maandishi ya kumwonya aendeshe gari kwa uangalifu. Kwa viwango vya ubadilishaji vya mwaka ule, hizo ni karibu shilingi bilioni 40. Tukichukua ng'ombe wa shilingi milioni moja, ni ng'ombe 40,000. Kamurasi alipata kwa bei nafuu.

Si kwamba Daytona ile inatunza wakati vizuri kuliko nyingine. Saa ya betri inayouzwa sokoni Butimba inaishinda. Na hata Patek Philippe aliyotengenezewa tajiri wa Marekani, Henry Graves, aliyokabidhiwa mwaka 1933 ikiwa na kazi 24 ndani yake na kuuzwa zaidi ya faranga milioni 23 za Uswisi mwaka 2014, haiwezi kumwambia Mswahili kuwa ni saa moja asubuhi. Mshale wake utaonyesha saba, na yeye atapiga hesabu mwenyewe kama kawaida.

Kati ya saa zinazotafutwa sana zipo zenye alama ndogo ya jambia na panga mbili zilizopishana, nembo ya Oman. Historia yake inagusa upande wetu. Wabaluchi waliomlinda Speke hadi Mwanza walikuwa askari wa nyumba ya Busaidi, iliyotawala Muscat na Zanzibar pamoja hadi Seyyid Said alipofariki mwaka 1856. Kutoka tawi la Oman la nyumba hiyo alitoka Qaboos bin Said, aliyeshika madaraka tarehe 23 Julai 1970 katikati ya vita vya Dhofar. Qaboos aliagiza saa, za Rolex nyingi zikipitia duka la Asprey la London, zikiwekwa jambia kwenye uso au kwenye mfuniko wa nyuma. Alizigawa kwa maofisa, wageni na wanajeshi wa Kiingereza waliopigana upande wake. Katika miaka hiyo hiyo aliwafungulia mlango Waomani waliotawanyika tangu Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na ofisi za Muscat zikajaa watu waliozungumza Kiswahili cha Unguja na cha bara.

Saa hizo zilitolewa ili zivaliwe. Nyingi zilivaliwa jangwani, zikakwaruzika, zikasahaulika kwenye droo za wastaafu wa Uingereza, mpaka wakusanyaji walipogundua kuwa jambia moja dogo linaongeza thamani ya saa mara nyingi. Mara wakazuka wanaochapa jambia kwenye uso wa saa ya kawaida. Leo mnunuzi makini hudai barua, picha na risiti kabla ya kufungua pochi.

Kesi ya umiliki iliyochafuka kuliko zote ni ya Addis Ababa. Mfalme Haile Selassie alikuwa na Patek Philippe ya dhahabu, ya kalenda isiyohitaji kurekebishwa mwisho wa mwezi, inayohusishwa na ziara yake ya Uswisi mwaka 1954. Aliondolewa madarakani Septemba 1974, akafa mwaka uliofuata mikononi mwa waliompindua, na mali zake zikatawanyika. Mwaka 2015 saa hiyo iliwekwa mnadani Geneva. Warithi wakapinga wakitaka kujua imetokaje mikononi mwa familia, ikaondolewa. Mwaka 2017 ilirudi mnadani, ikauzwa kwa karibu faranga milioni 2.9.